Chwaka, Ngezi na Vumawimbi kwa siku moja: mwongozo wa kaskazini ya Pemba

Wageni wengi hufika ufukwe wa Vumawimbi wakati maji yameshakimbia. Wametoka mji wa Chake asubuhi, njia imewachosha, na mbele yao upo uwanda wa mchanga mweupe na bahari inang'aa huko mbali. Wanapiga picha mbili, wanakula chipsi zilizopoa, wanageuza gari. Wakirudi kwao wanasema Pemba hakuna kitu. Siku yao waliipanga kwa saa ya mkononi, na kaskazini ya Pemba siku hupangwa kwa maji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka, kwa siku moja, kuona magofu ya Chwaka karibu na Tumbe, kupita ndani ya msitu wa Ngezi, kuogelea Vumawimbi, na jioni kupanda mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Vyote viko pembe moja ya kisiwa, upande wa Micheweni. Mtu wa Unguja, Dar, Tanga au Mombasa anaweza kuufuata bila ya wakala wa utalii. Na tuelewane mapema: Chwaka ninayoitaja ni ya Pemba. Ukimwambia dereva wa Unguja "nipeleke Chwaka" utaishia kwenye ghuba nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa hesabu ya mwezi

Hatua hii ndiyo inayobeba zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za pwani. Tarehe 1 na tarehe 15, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kama saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika 50. Ndiyo kusema tarehe 4 yatajaa karibu na saa 12 na nusu jioni, na ikifika tarehe 8 mambo yamepinduka: yanajaa kama saa 4 asubuhi na yanapwa kama saa 10 alasiri. Kisha mzunguko unaanza tena kuelekea tarehe 15.

Siku hazilingani kwa nguvu pia. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi kupevuka, ndipo bamvua linapokaza. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4, na kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo bahari inaondoka hasa. Zile siku za tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Bahari inapanda na kushuka kwa uvivu, na hata yakipwa hubaki mahali pa kuogelea.

Kwa safari hii moja tarehe nzuri ni 12 hadi 15, au 27 hadi 1 ya mwezi unaofuata. Siku hizo maji hujaa baina ya saa 7 mchana na saa 10 alasiri. Asubuhi bahari imekwenda zake, hukosi kitu, na wewe uko kwenye magofu na msituni. Ukifika ufukweni baada ya adhuhuri, maji yanakuja kukupokea.

Kama likizo yako imeangukia maji mafu, pindua mpangilio wote: alfajiri nenda Vumawimbi moja kwa moja, ogelea hadi saa 5, rudi msituni, na magofu yaache alasiri. Simu siku hizi zina programu za kuonyesha maji, nazo ni sahihi zaidi kwa dakika. Lakini ukijua hesabu ya mwezi utaweza kupanga safari ya mwezi wa nne kutoka sasa ukiwa umekaa barazani kwako.

Bado kuna msimu. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huifanya njia ya msituni kuwa tope. Vuli, mwishoni mwa mwaka, hunyesha na kuacha, inavumilika. Kipindi cha matlai, pale kusi imekwisha na kaskazi haijashika, ndicho bahari ya upande wa mashariki inapotulia zaidi. Kaskazi ikishakaza, Vumawimbi hupigwa na mawimbi. Mwogeleaji hodari atafurahi, mwenye watoto atakaa macho.

Mwezi wa Ramadhani nenda ukiwa umejiandaa kufunga kama wenyeji, au angalau kula ukiwa umejificha. Utapata utulivu mwingi na mchana hutapata hata kikombe cha chai.

Hatua ya 2: Ingia Pemba siku moja kabla, ulale kaskazini

Boti nyingi kutoka Malindi, Unguja, hushusha Mkoani, kusini ya kisiwa. Uwanja wa ndege uko nje kidogo ya Chake Chake. Popote utakaposhukia, usijaribu kufika kisiwani na kufanya ziara siku hiyohiyo. Pemba ina urefu wa kilomita zipatazo 67, na barabara zake zinapanda na kushuka vilima tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ukipita Chake na una saa moja, ingia kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe karibu na hospitali. Ni madogo. Faida yake ni kwamba utaona miji ya kale ya Pemba ikiwekwa pamoja: Ras Mkumbuu, Pujini, Chwaka, Tumbe. Kesho yake ukisimama mbele ya ukuta uliobomoka utajua unatazama nini.

Kisha lala Wete. Nyumba za wageni zipo, chakula cha usiku kipo sokoni, na asubuhi gari za Konde huanza mapema. Chake pia pana pa kulala, ila utajiongezea safari.

Hatua ya 3: Panga usafiri hadi kurudi

Daladala inakufikisha Konde, mji wa mwisho kabla ya msitu. Kutoka hapo, chukua bodaboda au gari ya kukodi kwa siku nzima. Gari za abiria za uhakika hadi Vumawimbi hazipo, na kumkodi mtu wa kwenda tu ni kujitafutia mashaka. Elewaneni mambo matatu kabla hujapanda: mtapita wapi kwa mpangilio, atakungoja wapi, na mtarudi saa ngapi. Nusu ya malipo mpe asubuhi, nusu mkifika Konde jioni. Madereva wa huko ni watu wa maneno yao, lakini maneno lazima yasemwe.

Mwendesha baiskeli mzuri anaweza kukodi baiskeli Wete au Konde akazunguka mwenyewe. Njia ya msituni ina kivuli karibu yote, raha tupu.

Wakati wa mavuno ya karafuu utaona majamvi yamejaa karafuu kandokando ya barabara, zinaanikwa. Usikanyage, usiegeshe gari juu yake, na usijaze mfukoni "za kunusia". Ile ni ada ya skuli ya watoto wa mtu.

Hatua ya 4: Mkoba

Maji ya kunywa, lita 3 kwa mtu, yanunue Konde. Chakula cha mchana kifungashe mapema: mkate wa mofa, samaki wa kukaanga, ndizi, machungwa. Ufukweni hakuna duka. Taslimu ndogondogo, kwa sababu mashine za kutolea fedha ziko mijini. Kitambulisho, kwani viingilio vya mwenyeji na mgeni wa nje havilingani na utaulizwa. Viatu vya kufunga kwa ajili ya magofu na msitu, ndala za kamba kwa ufukweni. Kanga mbili. Ukiwa mwanamke utajua zitafanya kazi gani. Ukiwa mwanamume, moja ni ya kujifutia na moja ya kukalia. Dawa ya mbu.

Taka utakazotoa, rudi nazo Konde.

Mavazi: watu wa Pemba wanajisitiri. Mtu akikuona umevaa bukta fupi katikati ya Konde hatakwambia neno, atakusalimia kwa adabu, na utakuwa umeshapimwa. Mwanamke aogelee na dera au nguo ndefu kama wanavyofanya wenyeji. Salamu ni kwa kila mtu unayempita, na mzee ni shikamoo kabla ya swali lolote.

Hatua ya 5: Tumbe, asubuhi mapema

Kutoka Konde, kabla ya kwenda msituni, geukia Tumbe. Ni kilomita chache, na Chwaka iko karibu nayo. Kwenye soko la samaki utakuta mnada: mnadi anapaza bei, wanunuzi wananyanyua kope tu, na fungu la changu limeshakwenda. Nusu saa inatosha. Kunywa chai ya tangawizi, ulizia njia ya magofu ya Haruni (ndivyo wengi wanavyoyaita), uondoke.

Hatua ya 6: Magofu ya Chwaka

Utaacha gari na kutembea kwa miguu baina ya mashamba. Kama kuna mlinzi wa Mambo ya Kale, lipa kiingilio, chukua risiti. Kama hakuna, omba kijana wa karibu akuongoze na umpe chochote. Vijia vya mashambani vinapotosha.

Utakachokiona kwanza ni msikiti mkubwa uliobomoka, na makaburi. Masimulizi ya Pemba yanauhusisha mji huu na Haruni bin Ali, anayetajwa kuwa mwana wa Mkama Ndume, yule mtawala wa Pujini ambaye kila bibi wa Pemba ana kisa cha ukali wake. Makaburi ya Mazrui yaliyopo hapo ni ya baadaye: ukoo huo wa Mombasa uliitawala Pemba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1820, Seyyid Said wa Oman alipoichukua. Kwa hiyo usitazame kila ukuta ukadhani ni wa wakati mmoja. Hapo pamelala karne kadhaa juu ya nyingine.

Na chini kabisa kuna kilicho kikongwe zaidi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba eneo hili walikuta kijiji kikubwa cha Tumbe ya zamani, kilichostawi baina ya karne ya 7 na ya 10, kisha kikaachwa. Mji wa Chwaka ulianza pembeni yake karne ya 11 na ukaendelea hadi karne ya 16. Watu wa Tumbe ya kale walitengeneza shanga za makome. Walizinoa juu ya vigae vya vyungu mpaka vigae vyenyewe vikawa na mifereji, na vigae hivyo vilipatikana kwa wingi.

Jambo linalonifurahisha mimi zaidi kuliko kuta ni punje. Katika majivu ya mapishi ya kale, wachimbaji walikuta uwele kwa wingi huko Tumbe. Chwaka, baada ya karne kadhaa, wakakuta mpunga umeshika nafasi yake. Watu walipojenga mji na misikiti ya mawe, walihamia pia kwenye wali. Sasa geuka utazame nyuma yako: mabonde ya mpunga bado yapo. Mtu wa Pemba anayekwambia hajala mpaka ale wali anasema jambo lenye umri wa miaka elfu moja hivi.

Tazama ujenzi. Mawe ya ukuta ni ya matumbawe, yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Sehemu zilizotaka nakshi, kama mihrabu na vizingiti, mafundi wa pwani walizichonga kutoka tumbawe la baharini lingali bichi na laini, likagumu likishakauka. Kwenye makaburi ya zamani ya pwani hii utaona vishimo vya duara ukutani. Humo zilikaa bakuli na sahani za kutoka ng'ambo, nyingi zimeng'olewa na wezi. Nyumba za Chwaka hazionekani kwa sababu nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Mawe waliyaweka kwa misikiti na maiti wao, wenyewe wakakaa kwenye udongo. Ukisimama pale ukawaza "mbona mji wenyewe mdogo hivi", kumbuka umebaki na mifupa tu.

Masharti: usipande juu ya kuta, usiokote kigae hata kama ni kidogo kama ukucha, na usikae juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Ukikuta ubani, sarafu au kitambaa kimewekwa, hapo pana mtu na haja yake. Pita.

Saa moja na nusu inatosha. Saa 4 na nusu uwe umeshageuka kuelekea Konde.

Hatua ya 7: Msitu wa Ngezi

Lango la msitu liko kilomita chache kutoka Konde, kwenye njia ileile inayokwenda Vumawimbi. Simama ofisini, jiandikishe, lipa, na uombe mwongozaji wa njia fupi. Wapo wanaopita tu na gari vioo vikiwa vimefungwa, wakaenda zao ufukweni. Wamelipia na hawakula.

Pemba yote ilikuwa na misitu. Karafuu ndiyo iliyoisafisha. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa shamba kuu la karafuu; msitu ukarudi nyuma kilima kwa kilima. Ngezi ilisalia huku kwenye pembe, na hata humo mbao zilikatwa kwa miaka. Unapoona miti mirefu imekutana juu ya barabara mpaka jua linapotea, unaona sura ya kisiwa kabla ya karafuu.

Mwulize mwongozaji akuonyeshe mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya mnazi ambao kwa asili huota Pemba tu. Mwulize pia juu ya ndege. Baina ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, tofauti na Unguja, ambayo bahari ilipokuwa chini zamani iliungana na bara. Pemba ilikaa peke yake. Kwa hiyo utakuta ndege ambao hawapo pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na bundi mdogo wa Pemba anayelia usiku. Kwa sababu hiyohiyo hutaona kima punju wa Jozani wakiwa wenyeji hapa. Utaona tumbili, na ukitembea kimya unaweza kumwona chesi, paa mdogo mno, akikatiza njia.

Kisha kuna popo. Popo wa Pemba ana mabawa yanayofika zaidi ya mita moja na nusu yakikunjuliwa, ana manyoya mekundu ya kahawia, na anakula matunda. Waliliwa sana na watu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache wa kutisha. Wanakijiji walipoanza kuyalinda makaazi yao, wakarudi. Mchana utawakuta wananing'inia juu ya miti, wanajipepea kwa bawa moja wakati wa joto. Ila wanahama mti. Mwongozaji ndiye anayejua leo wako wapi.

Tembea polepole, usipige kelele. Siafu wakikatiza njia, ruka, usisimame kuwatazama. Saa 7 mchana iwe imekukuta unatoka upande wa pili.

Hatua ya 8: Vumawimbi

Msitu unakwisha, mashamba yanaanza, njia inagawanyika. Upande mmoja ni Vumawimbi, mwingine unakwenda Verani na Kigomasha. Mwambie dereva mapema.

Ufukwe umeelekea mashariki, mrefu, mchanga mweupe laini, na nyuma yake minazi na vichaka. Mara nyingi hukuti mtu ila wavuvi. Baadhi yao wako dago: wametoka vijiji vingine, wamejenga vibanda vya makuti na watakaa mpaka msimu wao uishe. Wapitie kwanza. Salamu, jina lako, umetoka wapi. Halafu uliza swali moja: "Wazee, leo mkondo unavuta wapi?" Jibu la hapo lina thamani kuliko chochote nilichoandika mimi, kwani hakuna mwokoaji wa kukaa juu ya kiti akikutazama.

Wakikwambia usivuke mahali fulani, usivuke. Ingia majini ukiburuza nyayo mchangani, usinyanyue. Samaki aitwaye taa hujifukia, na ukimgusa kwa kumburuzia anaondoka, ukimkanyaga anapiga mwiba. Usigeuzie mawimbi mgongo. Mkondo ukikuchukua nje, usishindane nao uso kwa uso: ogelea sambamba na ufukwe mpaka uhisi umekuachia, ndipo urudi. Mtoto asiingie bila ya mkono wa mtu mzima.

Wavuvi wakiwa na samaki, nunua kwao na uombe wakuchomee. Mara nyingi watakubali, na watakukaribisha mle pamoja. Ukikaribishwa, kaa. Mwenye ndimu na chumvi mkobani hapa ndipo atakapojipongeza. Kupiga picha nyavu na vyombo ni sawa ukiomba; watu wenyewe omba mara mbili, na wanawake wanaokusanya vitu vya pwani maji yakiwa yamepwa waache wafanye kazi yao.

Kivuli cha mnazi kinahama na nazi zinaanguka. Tandika kanga yako kwenye vichaka.

Hapa usiwe na haraka. Ukifuata tarehe nilizotaja, utakuwa na maji mazuri kwa saa tatu au zaidi. Bahari ya Vumawimbi ikijaa hubadilika rangi kadiri jua linavyosogea nyuma yako, na hakuna muziki, hakuna mtu wa kukuuzia miwani. Kuna watu hawawezi kukaa mahali kama hapo, baada ya robo saa wanauliza "sasa tunafanya nini?" Kama unasafiri na mtu wa namna hiyo, mletee bao.

Hatua ya 9: Ras Kigomasha kabla ya magharibi

Saa 11 ondoka ufukweni. Mnara wa taa uko kwenye ncha ya kaskazini, ulijengwa wakati wa Waingereza mwaka 1900, na umeundwa kwa chuma, si kwa mawe. Mtafute mtunzaji, umwamkie, uombe kupanda; kuna malipo madogo. Ngazi ni za kuzunguka na nyembamba, mikono miwili ishike chuma, simu mfukoni. Mwenye kizunguzungu abaki chini, hakuna aibu.

Juu utaona bahari mbili: upande wa mashariki mlikotoka, na upande wa magharibi Mkondo wa Pemba, maji ya buluu iliyokoza, jua linashukia huko kuelekea Tanga. Upande huo wa Verani ndiko iliko hoteli yenye chumba kinachoelea baharini na kitanda chini ya maji. Hayo ni mambo ya mfuko mwingine, tuyaache.

Usingoje giza juu ya mnara. Njia ya kurudi inapita msituni, na pikipiki yenye taa mbovu hapo ni hatari kwako na kwa chesi.

Hatua ya 10: Kurudi

Ukiwa na gari ya kukodi, mpango wako ni wako. Ukitegemea daladala kutoka Konde, ujue zinapungua mapema jioni, kwa hiyo ama uache mnara, ama umpatane dereva wa asubuhi akufikishe hadi Wete. Mimi ningechagua la pili; ongezeko la nauli ni dogo kuliko kukosa Kigomasha.

Anayetaka kumsikia bundi wa Pemba azungumze na ofisi ya msitu asubuhi ileile anapopita, apange kutembea usiku na mwongozaji. Hilo halipangwi saa 1 usiku langoni.

Na kama popo wa Ngezi walikuwa wamehama siku yako, kesho yake ukirudi Chake shukia njia ya Kidike, kijiji kinachowatunza. Fika baada ya saa 10 alasiri, lipa kiingilio cha kijiji, ungoje. Karibu na magharibi wanaanza kuruka mmojammoja kwenda kutafuta matunda, na gari ya mwisho ya Chake unatakiwa uwe umeshaiulizia.